Elfu Arobaini

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, Mto Mathare uliingia kwetu bila hodi. Tulitoka na mathe tukapanda hadi Juja Road, tumebeba mtungi wa gesi, blanketi mbili na kitambulisho chake. Laptopu yangu ilibaki chini ya kitanda, pale nilipokuwa naificha wezi. Kulipokucha kuna watu walikuwa bado juu ya mabati. Kuna wengine hawakutoka kabisa, na hao siwezi kuwaandika kwa aya moja.

Nataka kuandika juu ya elfu arobaini.

Nilizipata miezi sita hivi kabla ya mafuriko, malipo ya kazi ndefu ya kumwandikia mteja wa ng'ambo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliposhinda, na tangu hapo naishi kwa kuandika vitu ambavyo jina langu haliko. Sikuwa nimewahi kushika hela kama hizo kwa mpigo. Na nilikuwa nimetazama video za kutosha, maneno yote nayajua: pesa ikufanyie kazi, maskini huweka akiba, tajiri huwekeza. Nikafungua akaunti ya hisa, nikatia zote kwa kampuni moja ya soko la Nairobi. Zote. Kodi ya mwezi uliofuata nikalipa na Fuliza, na sikuona kitu cha ajabu hapo.

Mathe huuza chapati na maharagwe Mlango Kubwa. Kila Jumapili alikuwa anapeleka 250 kwa chama, 200 ya mzunguko na 50 ya dharura. Sanduku lao lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mama wake. Mimi nilikuwa namcheka. "Mathe, hiyo hamsini inalala tu. Haizai." Alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Ile Jumatano ya mafuriko, akina mama walifungua sanduku kabla giza halijaingia. Kila aliyefurikiwa akapewa 6,000 mkononi. Mimi nikauza hisa. Zilikuwa zimeshuka, nikapata elfu thelathini na moja na kitu, na hata hizo sikuziona siku hiyo. Hisa ukiuza Nairobi wakati huo, malipo yalikuwa yanakamilika siku ya tatu ya kazi. Jumatano hadi Jumatatu! Siku hizo nalala sakafuni kwa binamu Huruma, mwenye keja mpya anataka dipoziti, laptopu iko kwa fundi, mteja anauliza makala imefika wapi. Nikakopa kwa simu, nikakopa binamu. Pesa za hisa zilipoingia, Fuliza ikajikata kwanza, ndivyo inavyofanya kazi, halafu fundi, halafu nyumba. Ikaisha. Kurudi tulikotoka haikuwezekana, maana Mei matingatinga ya serikali yalikuja kubomoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni.

Siku tuliyohamia keja mpya nilimwambia mathe hasara yangu. Nilingoja maneno. Akacheka, halafu akanitolea hadithi ambayo sijui alikuwa ameificha wapi miaka yote hiyo.

Mwaka 2008, vita vya uchaguzi vimetulia juzi tu, serikali iliuza hisa zake za Safaricom kwa umma. Shilingi 5 moja, na lazima uombe angalau 2,000, yaani 10,000. Foleni kila mahali, wengine wamekopa benki. Mathe alikopa 10,000 kwa chama cha wakati huo. Maombi yakazidi hisa mara kadhaa, kila mtu akapewa sehemu tu ya alizoomba na salio likarudishwa. Ndani ya mwaka mmoja bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Chama kinadai, akauza.

Miaka 13 baadaye hisa ile ile ilipita shilingi 40. Nilimtajia hilo, kijinga kidogo.

"Najua, baba," akasema. "Waliongoja walipata. Mimi sikuwa na mahali pa kungojea."

Usiku huo nilichukua karatasi. Kodi 5,000. Chakula 6,000. Maji, tokeni na bando 2,500. Jumla 13,500 kwa mwezi. Mara miezi mitatu, kwa sababu wateja wangu wanaweza kupotea hata miezi mitatu, 40,500. Nikarudia hesabu. Ilikuwa karibu zile zile elfu arobaini.

Deni la simu na la binamu nililimaliza Agosti. Sasa kila malipo yakiingia natoa kidogo kwanza, napeleka kwa mfuko wa pamoja ambao riba yake si ya kujigamba nayo lakini pesa natoa nikitaka. Na Jumapili napeleka 250 yangu, kijana pekee kati ya akina mama kumi na nane. Wananituma soda.

Niko 27,000. Mwezi jana nilikuwa 31,000, halafu likaja jino la mathe.

Binamu ananitumia picha za hisa kila asubuhi. Kampuni yangu ya zamani nayo imo. Imepanda, tena sana.