Masika, kusi na kaskazi kwa macho ya rubani

Mtu aliye chini, mvua inapomnyeshea, hudhani dunia nzima inanyeshewa. Mimi kazi yangu imenizoesha kuiona mvua ikiwa na ukingo. Mwezi wa Aprili, ukiruka asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, waweza kuikuta mvua imesimama juu ya Bagamoyo kama nguzo, nyeusi chini na nyeupe juu, na si mbali nayo ngalawa za wavuvi zimetanda matanga yake juani. Waliomo ngalawani hawana habari kwamba jirani zao wa nchi kavu wamejifungia ndani.

Nilianza kwa kurusha ndege ndogo za visiwani, zenye injini moja. Sasa narusha pangaboi kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Abiria huniuliza sana kuhusu hofu. Ni wachache mno waulizao kinachoonekana.

Atakaye kuyaona masika asitazame mawingu, atazame mto Rufiji. Maji yaliyokusanywa kutoka nyanda za juu hufika deltani yamebeba udongo, na bahari kuelekea Mafia hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Baina ya maji ya udongo na maji ya chumvi huwapo mstari ulio wazi, kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Ifikapo Juni kusi hushika nguvu, bahari ikajaa povu jeupe, na mawingu madogo yakajipanga safu safu kuufuata upepo. Hapo ndipo abiria hushikilia viti tunaposhuka, ingawa juu ya safu zile hewa ni tulivu kabisa. Agosti na Septemba, kule Tabora, moshi wa mioto ya nyika hulifunika pori la miombo, na jua huwa jekundu kama kaa kabla halijafika upeoni. Kisha huja vuli, na baada yake kaskazi, ambayo kwangu ndiyo ithibati kwamba macho ni neema. Asubuhi ya Januari, tukienda Arusha, Kibo huonekana tukiwa bado juu ya Usambara. Theluji yake ni kidogo: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Nami naiona ikiwa mabaka.

Ukanda wa mvua hulifuata jua, ukaivuka nchi yetu ukielekea kusini, kisha ukarudi kaskazini. Ndiyo sababu watu wa pwani wana vuli na masika, ilhali Dodoma ina msimu mmoja tu. Februari utaiona Dodoma imevaa kijani, na pwani imekauka ikingoja.

Ramadhani ya mwaka 2022 iliangukia Aprili. Jioni moja tuliondoka Dar es Salaam kabla ya Magharibi. Jua huchwa Mwanza kiasi cha dakika 25 baada ya Dar es Salaam. Tena aliye juu ya mita 7,000 huendelea kuliona kwa dakika kama 10 baada ya kuwapotea walio chini yake. Mhudumu akanieleza kwamba nyuma kuna mzee ameshika tende mkononi. Saa yake yamwambia mtaani kwao wamekwisha kufuturu, na mwanawe amsihi ale. Lakini jua limejaa dirishani. Mzee akasema, “Nitakulaje, mwanangu, nami naliona?” Ndivyo wafundishavyo wanazuoni wengi: aliye angani hulifuata jua alionalo yeye. Alingoja karibu nusu saa. (Mimi siku za kazi hutumia ruhusa ya msafiri, nikalipa baadaye; mzee yule alinitia haya kidogo.)

Hata hivyo kuona mbali si kuweza. Nilipokuwa bado visiwani, asubuhi moja ya masika nilitoka Unguja kwenda Pemba. Katika ndege ndogo kama ile, abiria mmoja huketi kando ya rubani, na siku hiyo alikuwa kijana wa Chake Chake. Mama yake alifariki usiku, naye anazikwa baada ya Adhuhuri. Tulipoipita Nungwi, Pemba haikuwapo. Mahali pa kisiwa palisimama ukuta wa wingu la radi, na rada ilionyesha wekundu kutoka Mkoani hadi ng'ambo ya uwanja. Vilele vya mawingu hayo katika nchi zetu hupita mita 15,000. Hakuna kuyaruka, ni kuyazunguka au kurudi. Nilizunguka kwa upande wa magharibi, juu ya mkondo wa Pemba ambao maji yake ni ya buluu nzito kwa kina, nikitafuta mlango. Haukuwapo.

Kijana alikuwa akinitazama mikono. Nilipoigeuza ndege akasema kwa upole, “Kapteni, haiwezekani kujaribu tu? Mama ananingoja.”

Nikamwambia, “Nisamehe, ndugu yangu. Nina watu 11 humu.” Hakusema tena. Unguja tuliketi kwenye benchi moja hadi karibu na Alasiri, wingu lilipofunguka. Tulipofika alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kwa muda mrefu niliulizana na nafsi yangu kama nilifanya haraka kurudi. Mnamo tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafariki watu 19, Allah awarehemu. Tangu siku hiyo siulizi tena. Lakini uso wa yule kijana haujaniondokea.

Nilimpakia tena, Januari iliyofuata safari ile. Aliomba kiti kilekile. Kaskazi ilikuwa imesafisha anga, na Pemba yote ilionekana mapema, kijani, na mikarafuu yake na vilima vyake na ghuba zake. Tulipokaribia Mkoani aliniuliza wingu la siku ile lilisimama wapi. Nikamnyooshea kidole. Aliinama dirishani akapatazama kwa muda mrefu, na hapakuwa na kitu ila maji na jahazi moja likielekea Wete.