Kelele za Muziki: Kutoka Santuri hadi Faili

Kelele zinazosikika katika faili la muziki wa zamani huwa zimejilimbikiza kwa vizazi. Faili moja linaweza kubeba mkwaruzo wa santuri, kasoro za CD na mlio wa kompyuta inayolipiga, vyote kwa pamoja. Kila kizazi cha mitambo kiliondoa kelele fulani na kuleta nyingine, na anayetaka kusafisha muziki wake sharti kwanza ajue kelele anayoisikia ilizaliwa wapi.

Mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya HMV. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu, uliochanganywa na unga wa madini ili sahani ihimili sindano ya chuma iliyoikandamiza kwa uzito mkubwa. Sindano ilipopita juu ya unga huo ilitoa mlio usiokatika, kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Santuri ilitoka nao kiwandani, na mwimbaji alisikika akiimba nyuma ya pazia hilo la sauti.

Mwaka 1948 ilitoka sahani kubwa ya vinili yenye mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na mwaka 1949 ikafuata sahani ndogo ya mizunguko 45. Vinili ni laini, hivyo ule mlio wa kukaanga ulipungua sana. Mahali pake pakachukuliwa na vumbi, mikwaruzo na chaji ya umeme tuli inayovuta vumbi kwenye sahani. Afrika Mashariki, sahani ya 45 ndiyo iliyobeba muziki wa dansi, zikiwemo nyimbo za Mbaraka Mwinshehe. Wimbo mrefu uligawanywa upande wa kwanza na wa pili, na msikilizaji aliigeuza sahani ili gitaa liendelee. Sahani hizo zilipigwa baa na majumbani, mara nyingi kwa sindano iliyokwisha makali. Sindano butu hula kuta za mfuo, na tarumbeta pamoja na herufi “s” katika sauti ya mwimbaji huanza kupasuka. Uharibifu wa namna hii ni mgumu kuliko wote kurekebisha, kwa sababu sehemu ya muziki yenyewe imeshakwanguliwa.

Mkwaruzo wa santuri hujitambulisha kwa mwendo wake. Alama moja iliyokatiza sahani hugongwa na sindano kila mzunguko: kila sekunde 0.77 kwenye santuri ya 78, kila sekunde 1.33 kwenye ya 45, na kila sekunde 1.8 kwenye sahani kubwa. Akisikia mlio wa kugonga unaorudi kwa mpangilio huo, msikilizaji ajue kwamba kosa liko kwenye sahani. Vumbi hugonga hovyo, bila mpangilio.

Mvumo mzito usiobadilika una chanzo kingine. Umeme wa majumbani Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na mvumo unaoingia kutoka kwenye nyaya husikika hapo na kwenye hezi 100. Mara nyingi waya wa ethi wa pleya ya santuri haujafungwa kwenye amplifaya, au mitambo imechomekwa kwenye soketi tofauti zenye ethi zisizolingana. Lipo pia kosa la kuunganisha pleya moja kwa moja na kompyuta. Santuri za vinili hukatwa besi zikiwa zimepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kipimo cha RIAA kilichowekwa Marekani mwaka 1954, na kinahitajika kifaa cha kurudisha mizani ya sauti. Kikikosekana, muziki huwa mwembamba na wa chini, na anayeongeza sauti huongeza kelele pia.

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, sindano iliondoka. Mwanga wa leza husoma vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde kwa kila upande wa stirio, bila kugusa sahani. CD ina hesabu za kujisahihisha, hivyo mkwaruzo mdogo hausikiki kabisa. Mkwaruzo ukizidi, mtambo hukisia kilichopotea, na ukishindwa hutoa mlio mkali au kimya cha ghafla. Programu kama Exact Audio Copy husoma sehemu yenye shaka mara nyingi na kutoa taarifa ya mahali iliposhindwa. Taarifa hiyo isomwe kabla ya kulaumu spika. Vilevile zipo CD zilizonakiliwa kutoka santuri au kaseti. Hizo zinaweza kusomwa bila kosa hata moja na bado zikatoa mkwaruzo, kwa kuwa mkwaruzo umerekodiwa ndani yake.

Kisha ikaja MP3, iliyopewa jina hilo mwaka 1995. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde, ilhali faili la MP3 la kilobiti 128 hutumia sehemu moja tu kati ya kumi na moja. Kupunguza huko huleta kelele za aina mpya: matoazi husikika kama yamezamishwa majini, na sauti za juu huyumbayumba. Muziki wa santuri huumia zaidi, kwa sababu mkwaruzo wenyewe hudai nafasi ambayo ingetumiwa na ala. Umbo la FLAC, lililotolewa mwaka 2001, hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chochote, nalo ndilo linalofaa kwa kuhifadhi.

Utafutaji wa kosa huanza na jaribio moja rahisi: faili lipigwe mara mbili, na sekunde yenye kelele iandikwe. Kelele ikirudi palepale, hata kwenye simu nyingine na spika nyingine, imo ndani ya faili. Ikihama au kutoweka, imo kwenye mtambo unaopiga. Hapo chaja ya kompyuta ichomolewe, simu isogezwe mbali na waya wa sauti, waya ubadilishwe, na vikorombwezo vya kuongeza besi vizimwe. Sauti inayokatikakatika huonyesha kuwa kompyuta imelemewa. Kelele iliyo kwenye kilele cha muziki tu, huku mchoro wa mawimbi ukionyesha vilele bapa, maana yake sauti ilirekodiwa juu mno. Dawa ni kurekodi upya, kilele cha juu kikiachwa desibeli 6 chini ya kikomo. Mlio wa kugonga ulio katikati ya wimbo, pale pande mbili za sahani ya 45 zilipounganishwa, huisha mawimbi yakikatwa yanapopita kwenye sifuri.

Usafishaji una utaratibu wake. Sahani huoshwa kwanza, lakini ya shelaki isiguswe na spiriti, kwani spiriti huiyeyusha. Santuri ya 78 ipigwe kwa sindano yake pana, kwa sababu mfuo wake ni mpana kuliko wa vinili. Ikiwa rekodi ni ya mono, njia mbili za stirio ziunganishwe kuwa moja. Hatua hiyo peke yake hupunguza mikwaruzo. Milio ya kugonga iondolewe kabla ya mlio mwembamba wa chinichini, na programu itumiwe kwa kiasi. Ikizidishwa, hufuta pumzi ya mwimbaji na uhai wa ngoma pamoja na kelele.

Mwenye santuri za wazazi wake na azinakili sasa, aweke faili ghafi lisiloguswa kando ya lililosafishwa, na asiitupe sahani. Kelele iliyobaki inaweza kuondolewa kesho kwa zana bora zaidi. Muziki uliofutwa haurudi.