Mabati ya Hargeisa

Vijana wa hapa Isiolo wakijua kwamba nilikuwa Hargeisa, kaskazini mwa Somalia ya wakati huo, mwaka 1988, swali lao huwa moja: nani aliuteka mji? Wengine ni wajukuu wa Isahakia, ukoo wa Kisomali, kama mimi. Wameona kwenye simu picha ya ile ndege ya MiG iliyopandishwa juu ya jukwaa katikati ya mji kuwa ukumbusho, na wanataka hadithi yenye mshindi. Huwa nawajibu kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeuteka. Wapiganaji waliingia, jeshi likaubomoa, wenye mji wakakimbia. Jibu hilo haliwaridhishi, na wazee wenzangu kadhaa linawaudhi kabisa.

Mtu wa Isiolo alifikaje huko? Babu yangu alikuwa askari wa Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Vita vilipokwisha, Isahakia wengi waliotumikia jeshi wakaachiwa wakae hapa na mifugo yao, na ndiyo sababu hadi leo utakuta Isiolo nyumba zenye jamaa Berbera, Burao na Hargeisa. Undugu huo haukukatika. Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa Hargeisa akiwa msichana, na mumewe alikuwa na duka la spea za malori karibu na soko. Mimi nilikuwa nimejifunza umakanika hapa, kazi ilikuwa haba, baba akanipeleka kwao. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ninayejua beringi ya Bedford na ya Fiat kwa kuipapasa tu gizani.

Mji nilioukuta ulikuwa umeshazoea kuishi chini ya bunduki. Kafyu ilikuwa kitu cha kawaida. Walimu na madaktari waliojitolea kuifufua hospitali ya mji walikamatwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na wanafunzi walipoandamana mwaka 1982 wakapigwa risasi. Miraa ilipigwa marufuku mwaka 1983, jambo lililonichekesha mimi niliyekulia kwenye njia ya Meru, mpaka nikaelezwa ni familia ngapi zilizokuwa zikila kwa biashara hiyo. Aliyeshika jeshi la kaskazini alikuwa Jenerali Mohamed Said Hersi, kila mtu akimwita Morgan, mkwe wa Rais Siad Barre. Jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini hata ndani ya nyumba.

Ng'ambo ya mpaka, Ethiopia, ndiko walikokuwa vijana wa SNM, waasi waliompinga Siad. Chama chao kiliundwa London mwaka 1981, kisha kikahamishia kambi zake kwa Mengistu, mtawala wa Ethiopia. Siad naye aliwahifadhi wapinzani wa Mengistu. Aprili 1988 wakubwa hao wawili wakapatana: kila mmoja aache kuwasaidia waasi wa mwenzake. Kwa hiyo SNM walibaki na njia mbili, kunyang'anywa silaha huko waliko au kuingia nyumbani nazo. Wakaingia. Burao ilikuwa ya kwanza, tarehe 27 Mei. Hargeisa ikafuata, usiku wa kuamkia mwisho wa mwezi.

Kati ya Burao na sisi kulikuwa na siku chache za ajabu. Habari zilifika, lakini hazikusemwa. Mjomba, ndivyo nilivyomwita mume wa shangazi, alishinda dukani akihesabu mali kama kwamba mteja mkubwa anakuja kesho. Wanajeshi walizidi barabarani, wanaume wakaanza kuchukuliwa majumbani mwao, hasa wenye mali na wenye majina. Jirani yetu mmoja alichukuliwa akiwa na kikoi tu, hata ndala hakuachiwa avae.

Risasi zilianza usiku wa manane. Nilizisikia kwanza upande mmoja, mbali, nikadhani ni walinzi wamegombana. Halafu upande wa pili, halafu upande ambao sikuutarajia, ng'ambo ya lile bonde la mto mkavu linaloukata mji vipande viwili. Mjomba akasema, "Wameingia kutoka kila mahali." Hakusema kwa furaha wala kwa hofu. Alikaa chini ukutani akaomba chai.

Asubuhi nikawaona. Nilitarajia jeshi, nikaona vijana wembamba wenye malapa, mikanda ya risasi imewazidi miili, wengine hawana bunduki kabisa wakingoja ya mwenzao atakayeanguka. Mmoja aliingia uani kwetu akaomba maji. Shangazi akampa maji, akampa anjera ya jana yenye samli, akamuuliza ni mtoto wa nani. Alipotaja ukoo wake, ikawa mama yake anafahamika mtaani. Ndivyo mji ulivyojiunga na vita: watu walitambua watoto wao. Kufika adhuhuri, vijana wa mtaa wetu waliokuwa wakicheza mpira wiki iliyopita walikuwa wamebeba masanduku ya risasi begani.

Siku za kwanza sehemu kubwa ya mji ilikuwa mikononi mwa SNM. Lakini uwanja wa ndege hawakuupata, na hapo ndipo kila kitu kiliharibika. Sijui kama msomaji ataweza kulipata jambo hili jinsi lilivyokuwa. Uwanja uko ukingoni mwa mji wenyewe. Ndege iliruka pale, ikageuka, ikaangusha mabomu juu ya mitaa, ikarudi kutua palepale. Moshi wa bomu la kwanza ulikuwa haujatawanyika, nayo ilikuwa tayari chini ikipakiwa mengine. Unasikia injini inawashwa, unajua ni zamu yenu au ya majirani. Mizinga nayo ilipiga kutoka vilimani bila kuchagua nyumba. Baadaye, Julai, rubani mmoja aitwaye Ahmed Mohamed Hassan alikataa kazi hiyo, akaipeleka ndege yake Djibouti akatua huko. Watu bado wanamwombea dua. Wenzake hawakukataa.

Tulilala dukani chini ya rafu za chuma, mjomba akiamini kwamba gia boksi na krankishafti zitatukinga. Huenda alikuwa sahihi. Nyumba ya nyuma yetu iliangukia ndani na duka likabaki na nyufa tu. Asubuhi hiyo shangazi akaamua tuondoke. Mjomba akasema atafuata, ana watu anaowadai na mzigo ambao haujafunguliwa. Hawakubishana. Nimewahi kujiuliza mtu anabakije nyuma kwa ajili ya mzigo wa spea, lakini pale, siku ile, ilionekana ni busara: vita vingekwisha baada ya wiki mbili na mwenye mali angehitajika.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mtungi. Tulikuwa na mitungi miwili ya plastiki, mmoja mkubwa wa maji na mwingine mdogo uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Mkubwa ulipasuliwa na kipande cha bomu. Shangazi akausugua ule mdogo kwa mchanga na majivu, akaujaza, na njia nzima hadi Ethiopia tulikunywa maji yenye ladha ya mafuta yaliyochacha. Watoto walikataa siku ya kwanza. Siku ya pili waliugombania.

Tulitembea usiku, mchana tukajibanza chini ya migunga, kwa sababu ndege zilifuata misafara ya watu. Sitasema yote niliyoyaona njiani. Nitasema moja: mwanamke aliyejifungua kando ya njia, na wenzake waliomzungushia shuka kumsitiri huku ndege ikipita juu, wamesimama wima wote, hakuna aliyelala chini. Mtoto yule ana zaidi ya miaka thelathini na mitano sasa, kama alijaliwa.

Tulifika Hartisheik, upande wa Jijiga. Uwanda mtupu, upepo, na watu wanaongezeka kila kukicha. Kambi ile ilikuja kupita watu 250,000, ikatajwa kuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Ni mahali ambapo mtu wa akili hangeweka hata mbuzi, kwani maji hayakuwapo; yaliletwa kwa malori ya tangi. Watu waliweka mawe kwenye foleni kushika nafasi, kila mtu na jiwe lake analolijua. Wezi wa mawe nao walikuwapo. Hapo ndipo umakanika wangu uliponifaa: malori ya maji yaliharibika kila mara, na anayeweza kulifufua lori anapewa maji kabla ya foleni. Shangazi alinikataza kuchukua zaidi ya haki yetu. Nilichukua.

Mjomba hakufika. Wapo waliosema alionekana akipandishwa lori la jeshi pamoja na wafanyabiashara wengine. Mwaka 1997 mvua kubwa zilifukua makaburi ya halaiki katika bonde la Malko Durduro, mifupa mingine ikiwa bado imefungwa kamba mikononi. Shangazi alikwenda kutazama, akarudi, akasema hakumwona mtu anayemjua, na hatukuuliza tena. Shirika la Africa Watch, katika ripoti yake ya mwaka 1990, lilikadiria kwamba zaidi ya watu 50,000 waliuawa kaskazini katika vita hivyo.

Mimi nilirudi nyumbani kupitia Addis Ababa na Moyale, juu ya lori la ng'ombe, barabara ikiwa ile ya zamani ya mawe na vumbi ambayo wa leo wa lami hawawezi kuiamini. Mama alinitazama akasema tu, "Umekonda." Yeye alikuwa ameona Isiolo ya wakati wa vita vya Shifta, miaka ya sitini. Alikumbuka mkuu wa wilaya Daudi Dabasso Wabera alipouawa Juni 1963, hali ya hatari ilipotangazwa, wafugaji walipokusanywa kambini wakachungwa kwa bunduki na ngamia wao wakafa, kipindi ambacho Waborana hadi leo wanakiita Daaba. Hakunihitaji nimweleze mengi. Aliuliza kuhusu shangazi, akauliza kuhusu mjomba, akaenda kukamua mbuzi.

Sikukaa sana kabla ya serikali kutangaza, Novemba 1989, kwamba kila Msomali wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 na zaidi akaguliwe uraia, na atakayefaulu apewe kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Karani mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala ofisi yake, aliniuliza babu yangu alizikwa wapi. Nikamwambia azungushe kichwa tu, makaburi yanaonekana dirishani. Kadi hiyo ninayo mpaka sasa. Imepauka.

Nilirejea Hargeisa baada ya Siad kuanguka. Alikimbia Mogadishu Januari 1991, na katika siku hizohizo SNM ikaichukua Hargeisa bila kugombana sana, maana hapakuwa na wa kugombana naye. Mei mwaka ule, Burao, wakatangaza Somaliland kuwa nchi yao. Nilikuta mji hauna mapaa. Sisemi yalibomolewa na mabomu. Mengi yalivunjwa kwa nyundo. Baada ya wenyewe kukimbia, mabati yaling'olewa nyumba kwa nyumba, yakapakiwa, yakauzwa. Milango, fremu za madirisha, nyaya, mabomba ya maji, vyote vilikwenda. Dukani kwa mjomba walichukua hata bawaba, na mahali rafu zilipokuwa zimefungwa ukutani palibaki matundu manne manne, nadhifu, kazi ya mtu mwenye bisibisi na muda wa kutosha. Mabomu ya kutegwa ardhini yalikuwa yameachwa, kwa hiyo hata uani mwako uliingia kwa tahadhari. Ulikuwa mji wenye kuta na mbingu.

Sasa nirudi kwa lile linalowaudhi wazee wenzangu. Miaka michache iliyopita alipita hapa mpiganaji wa zamani wa SNM, jamaa yetu wa mbali, akija kuwaona ndugu zake wa Isiolo. Tukaketi kwa maziwa ya ngamia na tende, na nikamuuliza nilichotaka kumuuliza mmoja wao tangu nikiwa chini ya zile rafu. Mlijua uwanja wa ndege msipoutwaa usiku wa kwanza watatupiga kutoka angani? Mlijua mnaingia katikati ya mama zenu?

Hakukasirika. Alisema walitumaini kuutwaa, hawakuweza. Alisema wangebaki Ethiopia wangefungwa na Mengistu mmoja mmoja. Akasema tena kwamba watu wa mji walikuwa tayari wanauawa kidogo kidogo, kwa kafyu, kwa jela, kwa kuchukuliwa usiku, na tofauti ni kwamba mauaji hayo hayakuwa na kelele. "Wewe uliishi mle," akaniambia. "Ulimwona jirani yako akitolewa na kikoi."

Hilo nilimkubalia. La uwanja wa ndege sijamkubalia, na nilimwambia hivyo. Aliyelipua mji ni jeshi la Siad, dhambi hiyo haina mbia. Lakini aliyeuchagua mji kuwa uwanja wa vita anadaiwa maelezo na waliokuwa wamelala ndani yake, hata kama ni ndugu yao, hata kama sanamu yake imesimama. Tulibishana mpaka adhana ya alasiri, tukaenda kuswali, tukarudi tukaendelea.