Soda na Fulana

Alhamisi iliyopita mpwa wangu alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi ya huku. Kwao Morogoro ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeegesha gari nje ya shule moja ya Storm Lake, jimbo la Iowa, hita inanguruma, theluji imefunika kila kitu, nasubiri mtu wa kufungua mlango.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mmeshuka salama?"

Walikuwa wametoka Kinole, kwenye milima ya Uluguru. Kikundi chao kina watu wanane. Siku tatu, vijiji vitatu, ngoma, ngonjera na igizo, kwa mwaliko wa mradi wa kutunza vyanzo vya maji. Nikamuuliza wamelipwa nini. Soda mbili kila mmoja, akasema, na fulana yenye maandishi mgongoni. Fedha yenyewe "inashughulikiwa". Mwenye gari amelipwa. Mwenye jenereta na spika alilipwa kabla hajawasha.

Tangu hapo sijatulia, na ndiyo maana naandika.

Mimi si mwimbaji. Naendesha gari la kikundi cha opera kinachozunguka shule za msingi, na nikifika nageuka fundi wa jukwaa. Tuko sita: waimbaji wanne, mpiga kinanda mmoja na mimi. Nyumba ya mchawi wa igizo letu, iliyochorwa biskuti na peremende, inakunjwa mara tatu na kulala nyuma ya viti. Saa moja unusu asubuhi nashusha mizigo. Saa tatu watoto wanaingia ukumbi wa michezo kwa mistari, wanakaa sakafuni chini ya goli la mpira wa kikapu. Dakika arobaini na tano, makofi, maswali, napakia, tunakwenda shule nyingine kabla ya chakula cha mchana kupoa. Usiku hoteli ya kando ya barabara. Kesho hivyo hivyo, katikati ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, tambarare isiyo na kilima hata kimoja cha kumliwaza mtu wa Uluguru.

Hakuna maikrofoni. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mwanamke mmoja anasimama mbele ya watoto mia mbili, anavuta pumzi, na sauti inajaza ukumbi hadi kwenye chuma cha paa. Siku hiyo ya Alhamisi binti mmoja wa darasa la pili alikaa mbele kabisa, na soprano alipoanza, mtoto akajishika koo lake kwa vidole, kama anayetafuta iwapo na yeye anayo. Hakuutoa mkono hadi wimbo ulipokwisha.

Sauti hiyo inatunzwa kama yai. Hita za hoteli hukausha koo, kwa hiyo kila mwimbaji anasafiri na kimashine cha kutoa mvuke, analala kando yake. Soprano wetu hasemi neno garini tangu alfajiri mpaka wakati wa kupasha sauti. Akitaka kushuka ananiandikia kwenye karatasi: simama hapo mbele. Hakuna anayemwona ana maringo. Koo ndilo jembe lake.

Mara ya kwanza kuona mvuke ule nilimkumbuka mjomba wangu, Mungu amrehemu. Miaka ya sabini alikuwa na kikundi cha utamaduni, wakipanda Mgeta kwa lori, ngoma zimefunikwa turubai. Mnaijua baridi ya Nyandira. Ukungu unashuka, ngozi ya ngoma inalegea, inalia kama debe lenye maji. Wakifika, kabla salamu za mwenyekiti hazijaisha, mjomba alikuwa ameshaomba moto. Anazipanga ngoma kuuzunguka, anazigeuza, anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anarudisha. Watu walisubiri. Hakuna kiongozi aliyemwambia afanye haraka. Angekutana na huyu soprano wangu wangeelewana bila mkalimani.

Na igizo lenyewe! Tunaimba Hansel and Gretel ya Engelbert Humperdinck, iliyoonyeshwa kwanza Weimar, Ujerumani, Desemba 1893. Lakini haikuanzia kwenye jumba lolote. Dada yake, Adelheid Wette, alimwomba atie muziki kwenye vijishairi vya igizo la watoto wake nyumbani. Ikakua, ikakua, hadi ikawa opera. Njaa iko nyumbani, watoto wanapotea msituni, mchawi anataka kuwala, na mwisho wale aliowageuza mikate ya tangawizi wanafunguka na kuwa watoto tena. Hiyo kwaya ya mwisho wanaiimba wanafunzi wa shule yenyewe. Wanafundishwa na mwalimu wao wiki kadhaa kabla, tunawapitisha asubuhi, kisha wanatoka mbele ya wenzao.

Bibi yangu alifanya hivyo hivyo na sisi kila jioni. Paukwa, pakawa, moshi machoni, na zimwi lililomeza kijiji kizima. Hadithi ikifika penye wimbo alinyamaza, akatuachia sisi. Usipoitikia, hadithi haiendi. Tumbo la zimwi lilipopasuliwa na watu wakatoka wakiwa hai, sisi ndio tulioimba wakitoka.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Profesa Penina Mlama, mzaliwa wa mkoa wetu, wa Berega kule Kilosa, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakakaa na watu, na wanakijiji wakalitazama tatizo lao kwa ngoma na maigizo yao wenyewe. Hekima hiyo tunayo, imeandikwa, inafundishwa vyuoni. Halafu mradi unakuja na ujumbe ulioshonwa tayari, unamfunika mwimbaji kwa spika, unampa soda.

Na mlima wetu unajua kufundishwa kwa nguvu kunavyokwenda. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani, kwa jina la kutunza udongo. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakaandamana, na mpango ukavunjika. Maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanaanzia kwenye misitu ya mlima huo. Anayeweza kumwambia mkulima wa Kinole aache miti ya kijitoni, na mkulima akasikiliza, ni kijana anayeimba kwa lugha ya mama yake. Kazi yake ina thamani kuliko ya jenereta.

Najua mtanijibu Marekani ina hela. Ni kweli. Na huku nako mkataba wa waimbaji wetu unakwisha Mei, wengine wanakwenda kuhudumia mezani hotelini hadi msimu urudi. Lakini ule mradi wa Kinole nao ulikuwa na hela. Ililipa mafuta. Ililipa mahema.

Morogoro haikuanza jana kutoa wasanii kwa barabara. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeifikisha Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, naye alikufa kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Kila nikifunga mkanda alfajiri nawakumbuka, na namkumbuka mpwa wangu amekaa juu ya spika nyuma ya gari la watu, kona za Kinole, mvua inanyesha.

Jumamosi wanapanda kwenda kijiji cha Bunduki. Nilimwambia asipande gari kabla hajalipwa. Akasema atakwenda, mjomba, kwa sababu mwalimu wa kule ameshawafundisha watoto kiitikio kwa kukisikiliza kwenye simu, na watoto wanawasubiri.

Mnaowaalika, walipeni kabla gari halijaondoka.