Buibui Aliyeitwa Mla Mbu



Mwaka 2003 wataalamu wawili, Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury huko Nyuzilandi, walichapisha maelezo mafupi juu ya buibui mdogo wa kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda. Walimpa jina la Kilatini, Evarcha culicivora. Neno la pili katika jina hilo maana yake ni mla mbu. Buibui huyo hakuwa mgeni mahali pale. Aliishi katika nyasi, juu ya vigogo vya miti na kwenye kuta za nyumba, mbele ya macho ya watu waliozifagia kuta hizo. Hata hivyo, katika vitabu vya elimu hakuwamo. Twapenda leo kutafakari pamoja nanyi ni kazi gani hufanyika ili kiumbe kinachoonekana kila siku kipate kujulikana, na kwa nini kazi hiyo yatuhusu sisi tunaoishi katika nchi yenye malaria.

Mla mbu ni wa jamaa ya buibui warukaji. Hawa hawatandi utando wa kunasia wadudu kama buibui wa darini. Wao huwinda kwa macho, kama paka awindavyo. Wana macho manane, na mawili makubwa yako mbele ya uso. Ukimsogelea mmoja ukutani, mara nyingi atageuka na kukutazama. Kabla ya kuruka, hugandisha uzi wake pale aliposimama, ili akikosa shabaha asianguke chini. Kisha maji ya mwili wake husukumwa kwa nguvu hadi miguuni, na miguu hunyooka ghafla na kumrusha. Jamaa hii ndiyo kubwa kuliko zote miongoni mwa buibui: aina zaidi ya 6,000 zimekwisha kuelezwa. Mla mbu mwenyewe ni mdogo sana, mwili wake ni wa milimita 5 hivi.

Kueleza aina mpya ya kiumbe si kazi ya siku moja. Sisi tuliosomea ualimu twaufahamu ugumu wake kutokana na darasa. Mpe mwanafunzi jani, umwambie aandike alichokiona. Ataandika: jani hili ni la kijani, ni zuri. Mwambie aandike tena, lakini sasa aandike kwa namna ambayo mwenzake, akisoma maneno yake tu, ataweza kulitambua jani hilo kati ya majani kumi yaliyo mezani. Hapo mtoto hunyamaza. Ataanza kuhesabu mishipa, kupima urefu, kutazama ukingo kama una meno au hauna. Tumeifanya kazi hii na madarasa mengi, na kila mara tumeona kwamba mtoto huanza kuona vizuri pale anapojua kwamba mwenzake atayategemea maneno yake.

Wataalamu wa buibui hufuata njia hiyo hiyo, ila kwa uangalifu mkubwa zaidi. Buibui wa aina mbili waweza kufanana kwa rangi na kwa umbo hata jicho lisiwatofautishe. Kwa hiyo mtaalamu hutumia hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo, akavitazama viungo vya uzazi, kwa maana hivyo hutofautiana kutoka aina moja hadi nyingine. Kwa dume, hutazama ncha za viguu viwili vifupi vilivyo kando ya kinywa. Kwa jike, kibamba kidogo kilicho chini ya tumbo. Huvichora, huvipima, kisha huvilinganisha na michoro ya aina za karibu zilizokwisha kuelezwa. Akisharidhika kwamba aina hiyo haijaelezwa na mtu mwingine, huchagua buibui mmoja awe kielelezo cha aina nzima. Huyo huwekwa katika makumbusho, ndani ya chupa ya alkoholi, pamoja na karatasi ndogo inayotaja mahali alipokamatwa, tarehe, na mtu aliyemkamata. Mwenye shaka, hata baada ya miaka mia, aweza kwenda kumtazama.

Kazi hii ina historia ndefu. Majina ya kitaalamu ya buibui yalianzia katika kitabu cha Msweden Carl Clerck, kilichotolewa mwaka 1757. Mwezi wa Aprili 2022, orodha ya buibui wote wa dunia, inayotunzwa huko Bern, Uswisi, ilifikia aina ya 50,000. Aina hiyo nayo ilikuwa ya buibui mrukaji, aliyepatikana Amerika ya Kusini, akaitwa Guriurius minuano kwa kuwakumbuka wenyeji wa kale wa sehemu zile.

Mtu aweza kuuliza: jina lina faida gani kwa buibui au kwetu? Faida huonekana katika yaliyofuata. Baada ya kiumbe kupata jina, watu wa mahali mbalimbali waweza kuuliza maswali juu yake, wakiwa na hakika kwamba wote wanasema juu ya kiumbe kimoja. Mwaka 2005, Jackson pamoja na Ximena Nelson na Godfrey Sune walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanyika Mbita, Kenya, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE. Kando ya Ziwa Viktoria kuna makundi makubwa ya vijidudu vinavyofanana na mbu lakini haviumi watu. Buibui huyu alipowekewa vijidudu hivyo na mbu, aliwapendelea mbu majike waliokwisha kunywa damu. Hata alipopewa harufu peke yake, pasipo kuwaona, aliwachagua hao. Hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu. Basi damu huipata kwa kumla yule aliyeinywa.

Mwaka uliofuata, Nelson na Jackson walionyesha kwamba miongoni mwa mbu, yeye huwapendelea anofelesi, ambao ndio wanaoambukiza malaria. Humtambua anofelesi kwa namna anavyotua, tumbo likiwa limeinuliwa juu. Buibui wadogo wa aina hii, ambao bado hawajakomaa, wana mbinu yao: huzunguka polepole hadi nyuma ya mbu, hupita chini ya lile tumbo lililoinuliwa, ndipo hushambulia. Mwaka 2011 ilionekana pia kwamba harufu ya soksi zilizovaliwa na watu humvuta, kama vile harufu ya miili yetu inavyowavuta mbu wenyewe.

Sisi tuliotumikia jumuiya kwa miaka mingi tumesimama mara nyingi kando ya makaburi madogo. Homa huanza jioni, na kwa familia iliyo mbali na zahanati, siku ya tatu yaweza kuwa ya kilio. Kwa hiyo hatuwezi kusoma habari za mla mbu kama mchezo wa watu wenye nafasi. Mbu aliyekunywa damu ya mgonjwa hawezi kuwaambukiza wengine siku ile ile. Vijidudu vya malaria huhitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani yake. Mbu aliyeliwa kabla ya siku hizo kutimia hataleta homa katika nyumba yoyote. Hatusemi kwamba buibui atatuondolea malaria. Lazima watoto walale ndani ya chandarua, wenye homa wapimwe, na dawa inywewe hadi imalizike. Lakini ni jambo la kushangaza kwamba mwindaji wa namna hii alikuwa ukutani siku zote, na hakuna kitabu kilichomtaja.

Na kwetu Kongo? Katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, kumehifadhiwa viumbe wengi sana waliokusanywa katika nchi yetu tangu wakati wa ukoloni, na wengi wa waliowaeleza walikuwa wageni. Twawashukuru kwa kazi yao. Lakini misitu yetu ni mikubwa, na milima yetu ina viumbe wasiopatikana mahali pengine. Katika Chuo Kikuu cha Kisangani kuna kituo kinachochunguza viumbe hai wa bonde la Kongo, na vijana Wakongo wanafanya kazi humo. Kijana anayesoma biolojia katika shule ya sekondari asidhani kwamba kazi hii ni ya watu wa mbali. Kwa kuanzia, yahitaji jicho lenye subira, daftari na ukweli.

Katika Kitabu cha Mwanzo, mtu ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwaita wanyama majina. Tunaposoma sura hiyo na wakatekumeni, twawaomba watambue kwamba wanyama waliletwa kwanza mbele yake, akawaona. Utaratibu huo watufaa hata katika maisha ya watu. Mitaani mwetu kuna majina yanayotolewa kabla ya kumtazama mtu: mchawi, mwizi, mgeni, mtoto wa mitaani. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu twajua pia kwamba watu waliwahi kuitwa majina ya wadudu, na baada ya kuitwa hivyo waliuawa kwa maelfu. Mtaalamu anayepima mguu wa buibui kwa siku nyingi kabla ya kuthubutu kumwita jina anatufundisha adabu ambayo wanadamu hawa walinyimwa.

Basi, katika mkutano wenu wa juma hili, twapendekeza mzungumze juu ya mambo haya:

1. Ni viumbe gani wanaoishi katika nyumba na mashamba yenu ambao mwawaita tu wadudu? Wazee wa kwenu wana majina gani kwa ajili yao, na majina hayo yasema nini juu ya tabia zao?

2. Ni mtu gani au kundi gani katika parokia yenu linaloitwa kwa jina lililotolewa bila kutazama? Ni nani atakayekuwa wa kwanza kwenda kuongea nao?

3. Kila mmoja achague kiumbe kimoja kidogo, akitazame kwa muda wa nusu saa pasipo kukigusa, aandike alichokiona bila kutaja jina. Juma lijalo, mbadilishane karatasi. Mwenzako akienda mahali ulipoandika na kukitambua kiumbe hicho kwa maneno yako, umeeleza vema. Asipokitambua, rudini wote wawili mkakitazame tena.