Nafasi ya Tisa

Jedwali la ligi ni msimulizi bahili wa maneno. Atakayelifunua lile la Daraja la Kwanza la Uingereza, msimu wa 1957/58, ataikuta Manchester United katika nafasi ya 9 kati ya timu 22, ikiwa na alama 43. Wolverhampton Wanderers, walioibuka mabingwa, walikuwa na 64. Asiyejua yaliyojiri atasema huo ulikuwa msimu wa kadiri, usio na la kusimuliwa.

Kumbe nambari hiyo imeficha kilio. United ndio waliokuwa mabingwa wa 1956 na 1957. Tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyokuwa ikiwarejesha kutoka Belgrade ilianguka mjini Munich ilipojaribu kupaa kwa mara ya tatu. Watu 23 walifariki, 8 kati yao wakiwa wachezaji. Meneja Matt Busby alilazwa hospitalini akiwa mahututi.

Mzigo ukamwangukia msaidizi wake, Jimmy Murphy, ambaye hakuwamo ndegeni kwa sababu alikuwa na timu ya taifa ya Wales. Siku 13 baada ya mkasa, United walishuka uwanjani Old Trafford kupambana na Sheffield Wednesday katika Kombe la FA. Katika kijitabu cha mechi, majina ya wageni yalichapishwa. Upande wa wenyeji uliachwa na nafasi 11 tupu. Stan Crowther alisajiliwa saa moja hivi kabla ya kipenga. Harry Gregg na Bill Foulkes, walionusurika Munich, walivaa jezi tena. United walishinda 3-0. Shay Brennan, aliyekuwa akiichezea timu ya kwanza kwa mara ya kwanza, alifunga mawili. Siku mbili baadaye, Duncan Edwards, mwenye umri wa miaka 21, alikata roho hospitalini.

Ligi haikuwahurumia wafiwa. Katika mechi 14 zilizosalia walishinda moja tu. Walifika fainali ya Kombe tarehe 3 Mei, wakashindwa 2-0 na Bolton Wanderers.

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhakiki wa fasihi hufunzwa kuyasoma hata yasiyoandikwa. Basi na aisome nafasi ya 9 pamoja na zile nafasi 11 tupu: ndipo atakapofahamu kwamba kumaliza msimu tu kulikuwa ushindi.