Kijana Yule Hakukosea

Taarifa ya habari ilipovurugika usiku ule, lawama alibebeshwa kijana aliyekuwa kwenye swicha ya picha. Alifokewa mbele ya wenzake, jina lake likaondolewa kwenye zamu za vipindi vya moja kwa moja, nami nikiwepo, nimenyamaza. Kosa lilikuwa langu, na nililijua usiku huohuo kabla sijarudi nyumbani.

Itabidi nieleze habari ya waya, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa ninachokiungama.

Nilikuwa fundi mitambo katika kituo kimoja cha televisheni Dar es Salaam. Monita za studio huwa na matundu nyuma ya kuziendeshea kutoka mbali. Lipo la RS-232 lenye pini 9, ambalo kompyuta hulitumia kuipelekea monita amri, na monita nyingi hujibu kwamba amri imefika. Ipo RS-485, inayoweza kubeba vifaa 32 kwenye njia moja, kila kimoja kikiitwa kwa namba yake. Na lipo tulilolitumia sisi zaidi, la pini 8, lisilohitaji kompyuta. Ukigusanisha pini fulani na pini ya ardhi, monita inatii: pini hii inawasha taa nyekundu, ile inabadili picha inayoingia. Kazi ya kila pini unaipanga mwenyewe kwenye menyu. Tundu hilo halijibu chochote. Amri ikipotelea njiani, huku ulikoitoa hutajua.

Taa nyekundu ndiyo tali. Swicha ikiiweka kamera hewani, inagusanisha waya wa kamera hiyo na ardhi, taa inawaka, na mtangazaji anajua kwamba nchi inamtazama. Taa hiyo ndiyo anayoitegemea. Anakaa mbele ya kioo cha monita akiwa amemwamini fundi ambaye pengine hata hamfahamu kwa jina.

Sasa, tundu hilo la pini 8 lina umbo lilelile la tundu la mtandao wa kompyuta. Kebo ni ileile, plagi ni ileile, koleo la kubania ni lilelile. Waya zake hupangwa kwa mojawapo ya mipango 2 ya rangi: T568A, unaoanza na jozi ya kijani, na T568B, unaoanza na jozi ya rangi ya chungwa. Ukibana upande mmoja kwa A na mwingine kwa B, pini ya 1 inabadilishana na ya 3, ya 2 inabadilishana na ya 6, na nyingine zinabaki mahali pake. Kwenye mtandao wa kompyuta ni nadra kosa hilo kukuumbua, kwa sababu vifaa vya siku hizi hutambua vyenyewe kwamba jozi zimepishana, vikazirekebisha. Nilikuwa nimefunga mitandao kwa miaka, na mashine zilikuwa zimenisamehe mara nyingi bila mimi kujua. Tundu la monita halina cha kutambua. Pale kuna waya tu, na waya unafika ulikopelekwa.

Upande mmoja wa kebo ya kutoka kwenye swicha hadi kwenye monita niliubana karakana. Upande wa pili niliubana studio, nimepiga magoti chini ya meza, saa zikinikimbia. Kwenye monita iliyomwelekea mtangazaji, pini ya 1 ilikuwa ya taa, na pini ya 3 ilikuwa ya kuhamisha picha kwenda kwenye ingizo la pili, ambalo halikuunganishwa na kitu. Ardhi ilikuwa pini ya 5, isiyoguswa na mpishano wa rangi. Kwa hiyo amri zote zingefika, ila mahali pasipo pake.

Nilijaribu, ndiyo. Nilichomeka nyuma ya monita plagi fupi ya majaribio, nikagusanisha waya zake kwa mkono, taa ikawaka. Nikachomoa, nikachomeka kebo yangu, nikatangaza kwamba kazi imekwisha. Nilikuwa nimeipima monita, kebo sikuipima. Kijana yule alikuwa kwenye swicha, akaniuliza kwa adabu, “Kaka, nikubonyezee kamera zote tuone?” Nikamwambia, “Hakuna haja, iko sawa.”

Saa mbili usiku muziki wa taarifa uliisha, akaiweka kamera hewani. Taa haikuwaka. Monita ikawa nyeusi. Mtangazaji akasita, akageukia pembeni kuuliza kama tumeanza, na swali lake likasikika majumbani. Mwongozaji akapaza sauti: “Umebonyeza nini wewe?” Kijana akajibu, “Nimebonyeza sahihi, mkuu.” Alikuwa mgeni kazini, hakuna aliyemsadiki. Kwa hofu akaanza kurukaruka kutoka kamera hadi kamera, na hapo kila mtu akaona uthibitisho wa alichokwisha kuamini.

Taarifa ilipoisha niliichomoa kebo, nikaziweka plagi zake mbili sambamba chini ya taa. Moja ilianza na kijani, nyingine na chungwa. Nikaikata moja, nikabana upya, safari hii nikajaribu kutokea kwenye swicha yenyewe, kila kitu kikawa sawa. Kile kipande nilichokikata nilikitia mfukoni. Asubuhi kwenye kikao niliulizwa kama mitambo ilikuwa na hitilafu. Nikasema nimeikagua na iko salama. Lilikuwa neno la kweli kwa saa ile, na nililichagua nikijua litakavyoeleweka.

Baadaye kijana alinifuata karakana. “Kaka, labda ni kweli nilikosea?” Alikuwa ameanza kutilia shaka vidole vyake mwenyewe. Nikamjibu kwamba mambo ya hewani hutokea, asijali. Kebo ilikuwa uzembe. Jibu lile nililitoa nikiwa na akili timamu. Nilikuwa na jina la fundi asiyekosea, nikalinda jina hilo kwa riziki ya mtu aliyeniheshimu. Hakurudishwa kwenye vipindi vya moja kwa moja, na hatimaye aliacha kazi. Sikumwambia.

Namwambia sasa, na waliokuwa chumbani nao wasikie: ulibonyeza kitufe kilichotakiwa, kwa wakati uliotakiwa. Amri yako ilitoka sahihi kwenye swicha, ikapotoshwa ndani ya kebo niliyoibana mimi.